Mkunazi: Pwani Waoshea Maiti, Isiolo Waoshea Uso

Mtu wa Pwani akishuka kwenye basi mjini Isiolo hujiona mgeni kwa vumbi na ngamia tu. Mengine ayajua. Adhana aisikia, mabuibui ayaona, na harufu ya ubani humpokea mlangoni. Lakini akizunguka sokoni, penye akina mama wa Kisomali waliopanga vifuko vya unga wa kijani, akauliza ni unga gani ule, hapo ndipo huduwaa. Huambiwa ni qasil, yaani majani ya mkunazi yaliyokaushwa yakasagwa, nayo kazi yake ni kuoshea uso.

Kwetu, ndugu msomaji, majani ya mkunazi yana shughuli nyingine. Mtu akifariki, kijana hutumwa akayachume, yakapondwa, yakatiwa katika maji ya kuoshea maiti, na karafumaiti ikaja mwisho. Ndiyo suna tuliyoikuta kwa wazee wetu. Si ajabu basi mama wa Mvita akisita kuyapaka usoni majani aliyoyazoea msibani.

Wasomali wa Isiolo hawana kusita huko. Wengi wa wazee wao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza, wakapewa makazi hapo baada ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, na akina mama wa Kisomali tangu zamani uzuri wao hutafutwa kwenye mti huu wauitao gob. Matumizi yake ni mepesi. Vijiko viwili vya unga hukorogwa kwa maji ya uvuguvugu hadi uwe kama uji mzito. Wako watiao asali, wako watiao mtindi au manjano. Hupakwa uso mzima, ukaachwa hata uanze kukauka, kisha ukasuguliwa taratibu na kuoshwa. Kichwani hutumiwa vivyo hivyo badala ya sabuni.

Na sabuni ndivyo ilivyo hasa. Ndani ya majani hayo mna saponini, yaani kitu cha asili kinachotoa povu na kung'oa mafuta na taka. Kwa hiyo anayeosha maiti Lamu na anayejipamba Isiolo, wote wawili watumia sabuni moja iliyotoka mtini. Ngozi yenye mafuta mengi hufaidika nayo, na vichunusi vidogo hupungua kwa vile vitundu vya ngozi havizibwi tena. Mwenye ngozi kavu asiitumie kila siku, maana itamkausha zaidi. Na asiyewahi kuipaka aijaribu kwanza nyuma ya kiwiko, angoje hadi kesho yake.

Dawa ya pili ya nchi ile haihitaji kununuliwa, kwani huota porini. Ni mshubiri, na hakuna Mswahili asiyejua kilicho chungu kama shubiri. Hata mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza waliandika katika kitabu chao cha safari, Periplus, kwamba shubiri ilisafirishwa kutoka bandari ya Kane, Hadhramaut. Lakini wengi hawatofautishi maji mawili ya jani moja. Lililo chini ya ganda ni utomvu wa manjano, mchungu, wenye kuwasha ngozi, na ukinywewa huendesha tumbo kwa nguvu. Lililo katikati ni ute mweupe, baridi, usio rangi, na huo ndio wa kupaka palipoungua. Jani lisimamishwe kwanza utomvu uchuruzike, ndipo limenywe.

Utomvu huo mchungu ndio ulioiponza mimea yenyewe. Watu waliukinga, wakauchemsha hadi ukaganda, wakawauzia wafanyabiashara waliousafirisha ng'ambo. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, na ni kanuni za mwaka 2007 zilizoifungulia biashara hiyo mlango kwa leseni. Jani moja la kumpaka mtoto aliyeungua halikuumaliza mwitu. Uliumizwa na magunia.

Tusisahau mwarobaini, ambao wengi tunao uani. Mwaka 1992 madaktari wa India waliandika habari za wagonjwa 814 wa upele waliopakwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa pamoja na manjano. Asilimia 97 walipona kati ya siku 3 na 15. Lakini upele ni wadudu wanaochimba ngozini. Asipotibiwa kila aliye nyumbani kwa pamoja, na nguo na shuka zisipofuliwa, utarudi tu, dawa iwe ya mti au ya duka.

Kuna na jambo linaloniudhi. Siku hizi kila kitu huitwa "cha asili". Hina ya kweli hutoa rangi ya wekundu wa udongo. Ile nyeusi tiitii wapakwayo maarusi na watalii, tuiitayo piko, aghalabu ni rangi ya nywele yenye kemikali ya kuchoma ngozi, na wako waliobaki na makovu ya maua yaleyale waliyochorwa. Haina uhusiano na mhina wa babu zetu.

Lakini hofu kubwa iko kwa baka. Mtu huona doa lililopauka mgongoni au mkononi, haliwashi wala haliumi, akalipaka qasil mwezi huu, shubiri mwezi ujao, akifurahi kwamba halimsumbui. Kutoumia huko ndiko kwa kutisha. Afumbe macho, mwenziwe aliguse baka kwa ncha ya pamba. Asipohisi, aache unga wote, aende hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni ukoma. Wazee wa Msambweni wanaikumbuka Tumbe, palipokuwa makazi ya wagonjwa hao, na vidole walivyoviona huko. Tangu mwaka 1981 kuna dawa mseto inayouponya kabisa kwa miezi 6 hadi 12, na hutolewa bila malipo. Vidole vilivyokwisha kupotea tu ndivyo visivyorudi.