Fahamu: Beki aliyeitwa Kisii kuinusuru Shabana

Klabu ya soka ya Shabana, au Tore Bobe kama mashabiki wanavyoiita, ilishuka daraja mwaka 2006 na kurejea Ligi Kuu ya Kenya 2023, baada ya miaka 17. Wapenzi wake wa Kisii na Nyamira walifurika Uwanja wa Gusii. Furaha haikudumu: timu ilianza kupoteza mechi.

Akaitwa kocha Sammy Omollo, "Pamzo".

Huyu si mgeni wa presha. Alikuwa beki wa kati wa Gor Mahia na Harambee Stars, kisha katika miaka ya 1990 akavuka bahari hadi East Bengal ya Kolkata, klabu ambayo dabi yake na mahasimu wao Mohun Bagan iliwahi kuvuta watu zaidi ya 130,000 mwaka 1997. Wakenya wachache enzi hizo walicheza soka India.

Kwenye benchi, kama kocha, amepitia Tusker na Posta Rangers. Beki wa kati huona uwanja mzima mbele yake na hupanga wenzake mechi nzima. Kazi ya ukocha, kwa hiyo, anaianza akiwa bado na jezi.

Shabana ilibaki Ligi Kuu. Pamzo aliondoka msimu uliofuata, na Peter Okidi akachukua usukani.