Muulize Reli Ilipofika Mpanda

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee akishatimiza miaka 60. Vijijini Katavi, wengi hawaujui mwaka wao wa kuzaliwa, maana cheti hakipo. Anayejua kuutafuta umri wa mzee hakisii, huuliza matukio. Reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda mwaka 1950, kufuata madini ya risasi, ulikuwa umezaliwa? Siku ya Uhuru ulikuwa bado unachunga mbuzi? Vijiji vya ujamaa vilipoanza ulikuwa na watoto wangapi?

Mtazame usoni. Bibi aliyekuwa akiitikia kwa kichwa tu anainua kiganja kuonyesha kimo alichokuwa nacho, anamtaja mjomba aliyeshuka na sanduku la bati, kisha anakukosoa jina la kituo. Kumbukumbu ndivyo zilivyo: ya jana huponyoka, ila ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hudumu kuliko mengi. Ukimuuliza mzee alikula nini juzi, unamuaibisha bure. Ya ujanani, mtaalamu ni yeye.

Zamani hata madaktari waliona kurudiarudia ya kale ni dalili ya akili kuchoka. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, alilipinga hilo: mzee yuko katika kuyapitia maisha yake, na hiyo ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Lakini kusikiliza si kuhoji. Katika makazi ya Katumba na Mishamo wapo wazee waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Hao, subiri waanze wenyewe. Na anayepotea njia ya kwake, au kusahau sufuria ni ya nini, apelekwe hospitali. Hayo ni maradhi. Uchawi haumo, kama usivyokuwamo katika macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote.

Wewe wa miaka 40 pia yanakuhusu. Mwaka 2002, mtafiti Becca Levy na wenzake walieleza waliyoyaona kwa wakazi wa mji mdogo wa Ohio wenye miaka 50 na zaidi: waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi takribani miaka 7.5 zaidi ya wenzao. Jicho hilo, kwa maelezo ya Levy, huanza kujengeka utotoni. Basi mzee akiulizwa, watoto wawepo, na daftari washike wao.