Ukipigwa Pasi Kisesa, Nani Analipa?

Ndinga ikishafika Kisesa itapigwa pasi tu, kama si leo basi keshokutwa. Pale senta, barabara ya Musoma inabeba kila kitu kwa mpigo: Hiace zinagombania abiria wa Igoma na Buzuruga, bajaji zinachomekea, boda wamefunga magunia ya mkaa yametanuka kulia na kushoto, ng'ombe wanavushwa na pembe zao. Mwana amejichanga miaka, kaagiza Toyota IST yake Japani, imeshuka bandari ya Dar, imekata mbuga mpaka Rock City, rangi inang'aa kinoma. Wiki hiyohiyo mkono wa boda unamchorea mstari kuanzia fenda mpaka mlango wa nyuma. Inauma, na ina haki ya kuuma. Kwa msela wa miaka ishirini na kitu, hiyo rangi ni jasho lake lote linaloonekana kwa macho.

Sasa hapo ndipo watu wanapopaniki na kupigwa kirahisi. Mtu anakimbia kwa wakala, anamwaga laki kadhaa za bima kubwa, akiamini kila mkwaruzo utafutwa bure mwaka mzima. Wanangu, haiko hivyo, na ni bora mjue kabla mkwanja haujatoka.

Kwa wenzetu Uingereza kuna bima ndogondogo za mikwaruzo na mabonyeo tu, zinauzwa kando ya bima ya kawaida. Hata huko zina masharti kibao: mkwaruzo usizidi urefu fulani, kutu haimo, na alama zilizokuwepo kabla hujakata bima hazihusiki. Huku kwetu, unapoenda kukatia gari yako, mezani kwa kawaida unawekewa bima ndogo au bima kubwa. Ndogo ni ya lazima kwa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, na inamlinda yule utakayemuumiza au kumharibia. Kubwa inaongeza gari yako mwenyewe: ajali, moto, wizi.

Tupige hesabu. Gari binafsi, bima ndogo ni laki moja, ukiweka VAT inakuwa 118,000. Bima kubwa, kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, halafu VAT asilimia 18 juu yake. Ndinga ya milioni 15 inakula 525,000, na VAT inafika 619,500. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ni nusu milioni na ushee, kila mwaka.

Halafu kuna kipengele ambacho watu wengi hawakisomi: eksesi. Ni ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata mia. Mara nyingi inaandikwa kama asilimia ya dai, ikiwa na kiwango cha chini. Tuseme mkataba wako umeandika kiwango cha chini laki tatu, na fundi rangi anakwambia mlango na fenda ni laki mbili. Hapo bima imekaa kimya, umelipa mwenyewe. Hata kama gharama imeivuka eksesi kidogo, ukidai unaweza kulipoteza punguzo la mwaka ujao wanalopewa wasiodai. Yaani umehangaika na ripoti ya polisi, picha, makadirio ya gereji na foleni ya ofisini, kwa faida ya elfu chache. Kwa mkwaruzo peke yake, bima kubwa hailipi. Nasimama hapo, na wakala akinikunjia sura freshi tu.

Kinacholipa ni kibubu. Buku moja kwa siku ni 365,000 kwa mwaka, na hiyo inapaka pande moja au mbili bila kumpigia mtu magoti. Mwaka usipopigwa pasi, mpunga unabaki wako.

Msinielewe vibaya lakini. Bima kubwa ina kazi yake, na kazi hiyo ni nzito. Ile barabara ya mchepuo ya Usagara–Kisesa inapitisha malori ambayo ukikutana nayo vibaya, hutaongelea rangi tena. Kama gari ikipinduka au ikiibwa wewe ndio basi, huna namna ya kuanza upya, kata kubwa. Kama ndinga ndiyo inayolisha nyumba, unabeba abiria au mzigo, kata kubwa. Kama umeichukua kwa mkopo wa benki, wao wenyewe watakulazimisha. Na ukikata, usishushe thamani ya gari ili ulipe kidogo. Gari ya milioni 15 ukiiandikisha ya milioni 8, ukapata hasara ya milioni 3, kampuni inaweza kukulipa kwa uwiano huohuo: 1,600,000, tena kabla ya eksesi. Hapo umejiminya mwenyewe.

Kuna jambo lingine linaloniumiza nikiliona kitaa. Msela kagongwa na mwenye makosa ni mwingine, halafu anapokea msimbazi mmoja, wanapeana mikono, jamaa anasepa. Jioni fundi anamtajia laki na nusu. Oya, yule aliyekupiga ana bima ndogo, au kisheria anatakiwa awe nayo, na bima ndogo zetu kwa kawaida zinabeba pia uharibifu wa mali ya mtu mwingine. Bima yake ndiyo ikutengeneze. Usipaniki, usitukane, wala usikubali kumalizana haraka kama hujajua gharama. Piga picha magari yote mawili kabla hayajasogezwa, chukua namba ya gari, ingia TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima TIRA, kwenye simu uangalie kama bima yake iko hai, kisha mwite trafiki apime. Kampuni ikikuzungusha, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapohapo Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa kesi zinazogoma kabisa.

Tukirudi kwenye mkwaruzo wenyewe, usiukimbilie na kompresa. Pitisha ukucha. Usiponasa, mkwaruzo umeishia kwenye ile klia ya juu, polishi nzuri inaufuta au inaufifisha. Ukinasa, umeingia ndani. Angalia uko wapi. Kwenye bampa, ile ni plastiki, haioti kutu, unaweza kuuacha hata mwaka mzima ukijipanga. Kwenye fenda au mlango, bati likianza kuonekana, usisubiri masika. Maji yakiingia hapo kutu inatambaa chini ya rangi, na kazi ya elfu kadhaa inageuka kukata bati na kuweka puti.

Na fundi muangalie vizuri, maana siku ya kuuza kazi yake itakaguliwa. Madalali wa magari Mwanza wanajua kugonga bodi kwa kidole na kuinama waangalie mwanga unavyolala mlangoni. Gari yenye rangi ya kiwandani na mkwaruzo wa wazi huwa inajitetea sokoni kuliko ile iliyopakwa mlango mzima kwenye gereji bubu, chini ya mwembe, vumbi limeganda ndani ya rangi. Mnunuzi akiona rangi mbili anahisi mzinga, na bei inashuka palepale. Kwa hiyo pigania kurekebisha sehemu ndogo iwezekanavyo.

Kabla hujanunua hata kopo moja, fungua boneti au mlango wa dereva utafute kibati cha Toyota kilichoandikwa C/TR. Herufi na namba za mwanzo hapo ndizo msimbo wa rangi yako. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, hizo fundi makini anazipata bila shida. 1F7 ni silva, inataka mkono, maana chembe zake zikilala vibaya doa linaonekana mchana kweupe. 070 ni nyeupe ya lulu, inapakwa kwa tabaka tatu, hivyo akikwambia anaimaliza kwa mpigo mmoja, chukua funguo zako uondoke. Rangi ichanganywe kwa msimbo huo, ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha bati, ikauke, na muitazame pamoja nje juani kabla hajaigusa gari.