Anapojipiga kichwa ukutani si pepo, wala si kudeka: tuelewane kuhusu usonji

Leo naomba siasa na mpira vikae pembeni, niongelee jambo lililonikaa rohoni muda mrefu.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Nyumbani tunamwita Babu kwa sababu amerithi jina la babu yetu. Ana miaka 11, ana usonji, na maneno anayotamka hayazidi sita. Mwaka jana nilikuwa naye kwenye daladala, tunatoka Temeke kwenda Buguruni. Saa kumi na moja jioni, gari limejaa mpaka mlangoni, konda anagonga bati, muziki uko juu, foleni haisogei. Babu akaanza kujitikisa, akaziba masikio, halafu akaanza kujipiga ngumi za taya na kujing'ata mkono. Mama mmoja akasema huyo ana mapepo. Jamaa wa kiti cha nyuma akaniambia, "Kijana, huyo anadeka, mtie kofi moja atatulia." Konda akatushusha hapohapo, katikati ya foleni.

Sasa nisijifanye malaika. Miaka ya nyuma, kabla sijajua chochote, na mimi nilishawahi kumtia kofi hilohilo. Hakutulia, alijipiga zaidi. Ndiyo maana nikaanza kusoma na kuulizauliza. Mimi si daktari, ni mtu wa fomu foo tu, lakini haya niliyoyapata naona ni dhambi kukaa nayo peke yangu.

USONJI NI KITU GANI

Usonji hauambukizi, na si wendawazimu. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua tangu akiwa mdogo kabisa. Mawasiliano na kuchangamana na watu vinakuwa tofauti, na wengi wanapenda mambo yaende vilevile kila siku. Halafu kuna suala la hisia za mwili: sauti, mwanga, harufu, kuguswa. Kwa wengine vinaingia kwa nguvu kupita kiasi, kwa wengine kidogo mno. Madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza hili la hisia kwenye vigezo vyao mwaka 2013.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa wastani huo, shule ya wanafunzi 1,000 ingekuwa na kama 8. Jiulize, shuleni kwenu uliwaona wangapi? Wengine waliitwa wajeuri, wengine wako ndani wamefichwa.

Na mzazi msimlaumu jamani. Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, na baada ya hapo kwa miaka mingi wapo wataalamu waliosema kosa ni la mama asiyempenda mwanawe. Mwaka 1964 Bernard Rimland, ambaye naye alikuwa na mtoto mwenye usonji, akatoa kitabu kuonyesha kwamba chanzo kiko kwenye mwili, si kwenye malezi. Leo inajulikana kwamba kurithi kuna mchango mkubwa. Mama mdogo aliambiwa amelaaniwa. Hakulaaniwa.

KUZIDIWA NA KUDEKA NI VITU VIWILI

Mtoto anayedeka ana anachokitaka. Anataka pipi, anajitupa chini, jicho moja linaangalia kama unamwona. Ukimpa pipi, kimya.

Mwenye usonji aliyezidiwa hataki kitu kutoka kwako. Hata umpe duka zima haachi, kwa sababu si yeye anayeamua. Hajali nani anamwona, na anaweza kuumia vibaya. Kunaisha mwili ukishatulia wenyewe, na baada ya hapo anachoka kama aliyebeba zege kutwa nzima.

Chukua mfano wa umeme. Una ekstensheni moja, umechomeka friji, pasi, jiko na redio. Inavumilia. Anakuja mtu anachomeka chaja ya simu, pwaaa, umeme unakatika. Utamlaumu mwenye chaja? Mzigo ulikuwepo tangu asubuhi. Kwa Babu mzigo ulikuwa sare inayowasha, kelele za darasani, jua la kituoni. Muziki wa daladala ilikuwa chaja tu.

Wengine wakizidiwa hawalipuki, wanazima. Anakaa kimya, hajibu, anajikunyata pembeni. Watu wanasema ana kiburi. Mzigo ni uleule, ila huyu anaumia kimyakimya.

KWA NINI SASA AJIUMIZE MWENYEWE?

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba watu kama 42 kati ya 100 wenye usonji hujiumiza kwa namna fulani: kujipiga, kugonga kichwa, kujing'ata, kujikwaruza, kujing'oa nywele. Kwa hiyo Babu hayuko peke yake.

Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake huko Marekani waligeuza swali. Badala ya kuuliza "tumzuieje?", wakauliza "hiki kitendo kinamsaidia nini?" Waliwachunguza watoto na vijana 9 wenye ulemavu wa ukuaji katika hali tofauti: wakipewa kazi, wakiwa peke yao, wakikemewa kila wakijiumiza, na wakicheza. Ikaonekana kujiumiza kunapanda na kushuka kulingana na hali, na hakufanani kwa wote. Mwaka 1994 wakatoa matokeo ya watu 152, na sababu iliyoongoza ilikuwa kukwepa jambo linalomshinda. Sababu zenyewe ni kama hizi:

1. Maumivu. Jino, sikio, tumbo lililofunga choo, kichwa. Asiyeweza kusema "naumwa hapa" anaweza kupapiga hapo hapo.

2. Kukwepa. Kazi ngumu, kelele, mtu asiyemtaka. Aligundua kwamba akijiumiza, vinaondolewa.

3. Kuomba. Ana kiu, anataka mtu akae naye, hana neno. Usiuite ujanja, ndiyo lugha aliyo nayo.

4. Mwili unatafuta hisia. Kubanwa kwa nguvu kunawatuliza baadhi yao. Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji aliyezaliwa 1947, aliona ng'ombe wakitulia wakibanwa kwenye kizimba cha chanjo, akajitengenezea mashine ya kujibana mwenyewe. Baadaye akawa profesa wa sayansi ya wanyama.

5. Kuzidiwa kwenyewe, kama nilivyoeleza.

Na sababu zinaweza kuchanganyika. Turudi kwa Babu. Baada ya siku ile ya daladala aliendelea kujipiga taya wiki tatu, upande uleule wa kushoto. Ndugu wakachanga hela za mganga. Tukapita zahanati kwanza, nesi mmoja akauliza swali moja tu: "Mmemwangalia mdomoni?" Hatukuwa tumemwangalia. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, fizi imevimba. Lilipong'olewa, baada ya siku chache ngumi za taya zikaisha. Mkono bado anaung'ata kelele zikizidi, lakini taya hagusi tena.

Sasa fikiria lile kofi nililoshauriwa. Lingetua juu ya jino lile. Na lile kofi langu la zamani, mpaka leo sijui lilitua juu ya nini.

UFANYE NINI AKIZIDIWA MBELE YAKO

Punguza. Hilo ndilo neno kubwa. Punguza sauti, punguza mwanga, punguza watu wanaomzunguka, punguza na maneno yako. Sema kidogo, taratibu, au nyamaza kabisa. Maswali kumi kwa mpigo ni kelele nyingine.

Kama anagonga kichwa, weka mto, au kanga iliyokunjwa, kati ya kichwa na ukuta. Ondoa chupa, mawe na vitu vyenye ncha. Usimshike kwa nguvu isipokuwa yuko hatarini kabisa, mfano anakimbilia barabarani. Na kamwe usimlaze kifudifudi na kumkalia mgongoni au kifuani, watu wameshakufa kwa kukosa pumzi namna hiyo. Usimchape, usimmwagie maji. Na tafadhali vijana wenzangu, TUSIREKODI VIDEO. Aibu ya mtu asiyeweza kujitetea si ya kuweka kwenye status.

Akitulia, mpe maji, mwache apumzike. Mahubiri weka mbali.

Nyumbani andikeni kwenye daftari: kabla ya tukio kulikuwa na nini, alifanya nini, baada ya hapo kukatokea nini. Wiki mbili tatu mtaanza kuona mtiririko, na dalili zake za mwanzo pia. Babu anaanza kwa kuziba masikio na kutembea huku na huko, hapo bado kuna nafasi ya kumtoa kwenye kelele. Kujiumiza kukianza ghafla, au kukibadilika, hospitali kwanza: mdomo, masikio, tumbo. Akijigonga kichwa halafu akatapika, akazimia, akasinzia isivyo kawaida, au akajiumiza macho, msisubiri kesho.

Dawa zipo, ila si za kutibu usonji. Marekani iliruhusu risperidoni mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009 kwa watoto wenye usonji wanaopata hasira kali na kujiumiza. Zina madhara, kama kuongeza uzito, kwa hiyo ni za daktari na ufuatiliaji, si za kununua dukani kwa kukisia.

Kikubwa ni kumpa njia nyingine ya kusema. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand waliwafundisha watoto 4 maneno ya kuomba msaada au kuomba kuangaliwa, kulingana na sababu ya kila mmoja. Vurugu zikapungua sana. Kwa asiyeongea inaweza kuwa picha au ishara. Babu tumemkatia vipande vya boksi, tumechora: maji, choo, naumwa, nimechoka. Kile cha "nimechoka" kimeshachakaa kwa kutumika, na kila akikitoa tunaacha tulichokuwa tunafanya. Ni lazima tuache. Tukipuuza kadi, anarudi kwenye mkono wake.

Mwisho, usonji hauishii utotoni, na wako wanaoongea vizuri, wamesoma, lakini wanajiumiza kwa siri. Kama ni wewe unayesoma hapa, mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo, halafu muende hospitali pamoja. Hakuna wa kukucheka mwenye akili timamu.

Siku ile tuliposhushwa, kuna kijana wa bodaboda alituona pembeni ya barabara. Hakuuliza Babu ana nini. Alizima pikipiki, akaiegesha kati yetu na magari, akasimama pale ametupa mgongo mpaka Babu alipomaliza. Dakika kama ishirini, na hela hakutaka. Sikuuliza hata jina lake. Hatukuhitaji zaidi ya hapo.

Nawakilisha. Mwenye ndugu kama Babu atupe uzoefu wake hapo chini kwenye maoni, tujifunze wote. Matusi bakini nayo mfukoni.