Pedali Ndogo ya Efekti Nyingi kwa Gitaa: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Mpiga gitaa la umeme aliyetaka mwangwi, mkwaruzo na mtikisiko wa sauti alilazimika zamani kununua pedali moja kwa kila efekti, kisha kuzipanga juu ya ubao na kuziunganisha kwa nyaya fupi. Leo madukani zimejaa pedali ndogo zenye efekti nyingi ndani yake. Kifaa kimoja kinachoenea kiganjani huahidi kufanya kazi ya pedali kumi. Kwa mwanamuziki wa bendi ya dansi, kwaya au kikundi cha mtaani, ahadi hiyo inavutia, lakini bei yake inaweza kumgharimu mapato ya maonyesho mengi. Akikosea kuchagua, au akikiunganisha na umeme usiofaa, hasara hiyo ni yake.

Sehemu hii ya kijitabu inaeleza namna ya kuchagua kifaa hicho. Bidhaa chache zimetajwa kwa majina ili kufafanua jambo. Kutajwa kwake si kupendekezwa. Neno kuu la kukumbuka ni hili: kasha hutangaza kwa herufi kubwa idadi ya efekti, ilhali mambo yanayoamua kama pedali itakufaa yameandikwa kwa herufi ndogo.

Kifaa hiki ni nini

Pedali ya efekti nyingi ni kompyuta ndogo. Huipokea sauti ya gitaa, huigeuza kuwa tarakimu, huichakata kwa programu, kisha huirudisha kuwa sauti. Efekti zake kwa kawaida ni za makundi manne. Kundi la kwanza ni la mkwaruzo, kama ovadraivu na distoshoni. La pili ni la mtikisiko na mawimbi, kama korasi, fleza na tremolo. La tatu ni la mwangwi: dilei, inayorudia sauti baada ya muda uliopangwa, na rivabu, inayofanya gitaa lisikike kana kwamba limepigwa katika ukumbi mkubwa. La nne ni la uigaji wa amplifaya na spika. Pedali nyingi huongeza pia kifaa cha kurekebishia nyuzi.

Idadi ya efekti isikudanganye

Kasha likisema kuna efekti 100 au 300, swali la kuuliza ni: ngapi zinaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja? Kompyuta iliyo ndani ina nguvu yenye kikomo, na kila efekti hula sehemu ya nguvu hiyo. Line 6 HX Stomp, iliyotoka mwaka 2018 ikiwa na mamia ya efekti na amplifaya za kuiga, iliruhusu visehemu 6 tu kwa pamoja. Mwaka 2020 kampuni ilisasisha programu yake, vikawa 8. Mfano huu unafundisha mambo mawili. Kwanza, wingi wa efekti zilizohifadhiwa ni tofauti na wingi wa efekti zinazoweza kusikika pamoja. Pili, pedali inayoendelea kupata masasisho kutoka kwa mtengenezaji yaweza kuongezewa uwezo baada ya kununuliwa, na ile iliyoachwa haiongezewi kitu.

Kabla ya kwenda dukani, andika efekti unazotumia kweli katika nyimbo zako. Mpiga gitaa la solo katika muziki wa dansi aghalabu hutaka sauti safi, korasi kidogo, dilei na rivabu. Hizo ni nne. Pedali inayotoa efekti nne au tano nzuri kwa pamoja itamtosha, na hana sababu ya kulipia mamia asiyoyahitaji.

Gitaa lako litaingia wapi?

Hapa ndipo wanunuzi wengi huhitaji kufikiri zaidi. Kuna mpiga gitaa mwenye amplifaya yake, na kuna yule ambaye waya wake huingia moja kwa moja kwenye miksa, kama ilivyo katika makanisa na kumbi nyingi.

Spika ya amplifaya ya gitaa hupunguza sauti kali za juu. Spika za ukumbi hazifanyi hivyo, kwa kuwa zimetengenezwa kutoa sauti za kila aina. Kwa hiyo mkwaruzo unaopendeza kwenye amplifaya husikika kama nyuki waliochokozwa ukiingizwa katika miksa bila kupunguzwa. Anayetumia miksa ahakikishe kuwa pedali ina uigaji wa spika, na si wa amplifaya peke yake. Anayetumia amplifaya anaweza kuuzima uigaji huo, au kuchagua kifaa kisichokuwa nao na kuokoa fedha.

Pedali nyingi hutangazwa pia kuwa zina matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Ikiwa una amplifaya moja, au miksa ya ukumbi hutoa sauti ileile pande zote, faida hiyo hutaisikia.

Umeme: soma kabla ya kuchomeka

Adapta isiyofaa yaweza kuiua pedali mpya kwa sekunde moja, na uharibifu wa namna hiyo kwa kawaida haumo katika waranti. Kagua mambo manne yaliyoandikwa kando ya tundu la umeme au katika kitabu cha maelezo.

La kwanza ni volti. Pedali nyingi hutumia volti 9. Volti za adapta lazima zilingane na zinazotakiwa na pedali.

La pili ni aina ya mkondo. Herufi DC zina maana ya mkondo mnyoofu, na AC mkondo geu. Pedali nyingi za leo hutaka DC, lakini baadhi ya za zamani hutaka AC. Aina hizo mbili hazibadilishani.

La tatu ni mpangilio wa hasi na chanya. Tafuta mchoro mdogo wa duara wenye alama za kutoa na kujumlisha. Kwa pedali nyingi za gitaa, hasi iko katikati. Kwa ruta nyingi za intaneti na baadhi ya vinanda vidogo, adapta hutoa volti 12 na chanya iko katikati, ilhali kichwa chake chaweza kuingia vizuri kabisa katika tundu la pedali. Kuingia si kufaa. Katika kwaya na bendi ambazo adapta zote huwekwa katika mfuko mmoja, bandika karatasi yenye jina la kifaa kwenye kila adapta.

La nne ni miliampea, yaani kiasi cha mkondo. Hapa sheria ni tofauti na ile ya volti: adapta inaweza kuwa na miliampea nyingi kuliko zinazohitajika, lakini isiwe na pungufu. Pedali mbili zaweza kutumia volti 9 zote mbili na bado zikatofautiana sana. BOSS GT-1 hutumia takriban miliampea 200, ilhali HX Stomp huuzwa na adapta ya ampea 3, yaani miliampea 3,000.

Anayetumia adapta moja kwa ubao mzima apige hesabu. Tuseme kifaa cha kurekebishia nyuzi kinahitaji miliampea 30, pedali ya mkwaruzo 10, na pedali ya efekti nyingi 500. Jumla ni 540. Adapta ya miliampea 500 haitoshi, na dalili zake ni pedali kujizima, kujiwasha upya au kuvuma. Hata pale miliampea zinapotosha, pedali za kidijitali zinaweza kupitisha kelele kwa pedali nyingine zinazogawana waya mmoja wa umeme. Kisambaza umeme chenye matundu yaliyotenganishwa huondoa tatizo hilo, na gharama yake iingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Kumbuka pia umeme wa ukutani. Tanzania hutumia volti 230, na Marekani volti 120. Pedali iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani au Japani yaweza kuja na adapta isiyostahimili umeme wetu. Ikiwa adapta imeandikwa 100–240V, inafaa. Ikiwa imeandikwa 120V au 100V pekee, usiichomeke. Nunua nyingine yenye sifa zinazotakiwa.

Mwisho, usasishaji wa programu usifanywe wakati umeme hauna uhakika. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, pedali yaweza kukataa kuwaka.

Udogo una gharama zake

Pedali ya kawaida ya BOSS ina upana wa milimita 73 na urefu wa milimita 129, na pedali nyingi za efekti nyingi hutengenezwa kukaribia vipimo hivyo ili zienee kwenye ubao. Udogo huo huacha nafasi ya swichi moja, mbili au tatu za mguu. Ikiwa katika wimbo mmoja unahama kutoka sauti safi hadi mkwaruzo, kisha kwenye dilei, swichi moja haitoshi. Utalazimika kuinama na kuzungusha vitufe huku wenzako wakiendelea kupiga. Uliza kama pedali inakubali swichi ya nje, na kama swichi hiyo inauzwa humu nchini.

Jaribu pia kuisoma skrini ukiwa umesimama. Maandishi yanayosomeka juu ya kaunta ya duka yaweza kutoonekana kabisa yakiwa sakafuni, gizani, jukwaani.

Bidhaa bandia na zilizotumika

Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni sababu ya kusita. Kagua kama namba ya utambulisho iliyo chini ya pedali inafanana na ile ya kwenye kasha. Ikiwa mtengenezaji hutoa programu ya kompyuta kwa ajili ya pedali hiyo, omba iunganishwe kwa waya wa USB: pedali isiyotambuliwa na programu ya mtengenezaji wake inastahili maelezo kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kwa pedali iliyotumika, njoo na gitaa na waya wako. Kanyaga kila swichi mara kadhaa, zungusha kila kitufe, tikisa waya taratibu kwenye kila tundu, na usikilize kama sauti inakatika. Mwombe muuzaji airudishe pedali katika hali ya kiwandani mbele yako. Iache iwake kwa angalau dakika 15, kwa kuwa baadhi ya hitilafu hujitokeza kifaa kikipata joto.

Ukiagiza kutoka nje

Bei inayoonekana mtandaoni haijakamilika. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, na ada za kukomboa mzigo. Uliza pia waranti inatambulika wapi. Kampuni nyingi hutoa waranti kupitia msambazaji wa nchi husika, hivyo kifaa kilichonunuliwa Dubai au London chaweza kuhitaji kurudishwa huko kwa gharama yako.

Haki zako na wajibu wako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji au kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Muuzaji akikuambia kuwa pedali ina uigaji wa spika na ikaonekana haina, au akakuuzia iliyotumika kama mpya, una msingi wa kudai. Lakini dai huhitaji ushahidi. Dai risiti ya EFD, na hakikisha imetaja bidhaa kwa jina na modeli. Risiti iliyoandikwa "vifaa vya muziki" haitakusaidia sana. Mwombe muuzaji aandike masharti ya waranti na ya kurudisha bidhaa. Tunza kasha na adapta iliyokuja nayo.

Hitilafu ikitokea, acha kuitumia pedali na usiifungue mwenyewe. Irudishe kwa muuzaji mapema pamoja na risiti, na malalamiko yako yawe ya maandishi yenye tarehe. Akikataa kuyashughulikia, yawasilishe kwa Tume ya Ushindani, FCC, ukiambatisha nakala za risiti, picha na mawasiliano yenu. Tume hiyo pia hupokea taarifa za bidhaa bandia.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Efekti ngapi zinafanya kazi kwa wakati mmoja?
2. Je, ina uigaji wa spika, na unaweza kuzimwa?
3. Inahitaji volti ngapi, mkondo wa aina gani, hasi iko wapi, na miliampea ngapi?
4. Je, adapta imo katika bei, na inafaa kwa volti 230?
5. Ina swichi ngapi za mguu, na inakubali swichi ya nje?
6. Waranti ni ya muda gani, na nani ataitekeleza humu nchini?
7. Naweza kuijaribu sasa hivi kwa gitaa langu?

Muuzaji anayeijua bidhaa yake atayajibu maswali haya kwa dakika chache, au atafungua kitabu cha maelezo mkasome pamoja. Asipoweza kufanya lolote kati ya hayo, una haki ya kuondoka na fedha zako na kuuliza duka la pili.