Mali bila daftari

Msikilizaji mmoja, fundi cherehani wa hapa mjini, ameniandikia barua fupi. Mpwa wake ni baharia, na alipokuja likizo alimsimulia habari za visiwa vya Indonesia: nchi ya kijani, bahari tulivu, watu wapole, na ardhi ya kijijini ya bei chee. “Bwana Mtangazaji,” anauliza fundi, “mtu akidunduliza, akaenda huko akanunua shamba, atakuwa amepata au amepatikana?”

Swali hili si la kuchekwa. Nitalijibu, lakini nitaomba tumtazame pia yule anayeuza, maana biashara ya ardhi ina watu wawili, na mara nyingi husikika sauti ya mmoja tu.

Kwanza, Indonesia si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Mkarafuu wa Unguja na Pemba asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya nchi hiyo. Kwa miaka mingi Waindonesia walikuwa wanunuzi wakubwa wa karafuu ya Zanzibar, wakiitia katika sigara zao, mpaka walipopanda mikarafuu yao ya kutosha na wakulima wetu wakaona bei ikiporomoka katika miaka ya 1980. Ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, watu zaidi ya milioni 270, na vijiji zaidi ya 70,000. Siwezi kuvieleza vyote. Nitachukua kimoja.

Kijiji hicho kinaitwa Wae Rebo. Kiko katika kisiwa cha Flores, kwenye milima ya Wamanggarai, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Gari halifiki. Barabara inapokoma, mgeni huvaa viatu vigumu na kupanda mlima msituni kwa saa mbili au tatu. Juu huko atakuta nyumba saba za mviringo, paa zake za nyasi zimeshuka karibu kugusa ardhi, kila moja ndefu kama ghorofa na yenye familia kadhaa ndani. Watu hulima kahawa, na gunia hushuka mlima likiwa begani mwa mtu. Watoto hushuka bondeni kutafuta shule.

Nyumba hizo zilikuwa zimechakaa, na nyingine zilikuwa zimetoweka kabisa. Wenyeji, kwa msaada wa wasanifu majengo kutoka Jakarta, walizijenga upya, na mwaka 2012 UNESCO ikaitunuku kazi hiyo tuzo. Tangu hapo watalii hufika, hulala, hulipa, hununua kahawa. Lakini tusidanganyike. Vijiji vingi vya Flores havina tuzo wala watalii. Vina mahindi, mpunga, kahawa, korosho na karafuu, na vina vijana wanaoondoka kwenda Bali au kwenye mashamba ya michikichi ya Malaysia. Fedha wanazotuma ndizo zinazoezeka bati na kulipa karo.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya vijiji ya mwaka 2014 iliagiza kila kijiji kitengewe fedha katika bajeti ya taifa, na kuanzia mwaka 2015 fedha hizo zikaanza kutoka kwa ajili ya vijia, maji na mifereji.

Sasa tuje kwenye ardhi yenyewe. Kwa Wamanggarai, ardhi ya jadi ilikuwa ya jamaa nzima. Eneo la kulima liligawanywa kuanzia katikati. Mti hukitwa ardhini, na kutoka hapo mzee wa ardhi huchora mistari kwenda mpakani, mfano wa chungwa lililokatwa katikati. Kipimo ni kidole: kila mtu hupewa upana wa kidole au vidole pale katikati, na kadiri mstari unavyokwenda mbali ndivyo shamba linavyopanuka. Ukisimama kilimani utaona mashamba kama utando wa buibui, na yapo hadi leo. Kila anayelima ana jirani kushoto na kulia, na wote wanakutana katika shina moja.

Juu ya desturi hiyo ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1960. Haki kubwa kuliko zote inaitwa hak milik, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani, kwa kuwa sisi na wao tumechota maneno hayo katika kisima kimoja cha Kiarabu. Haki hiyo haina ukomo wa miaka, hurithiwa na huuzwa. Lakini mtu binafsi anayeweza kuwa nayo ni raia wa Indonesia peke yake.

Hapa ndipo fundi wetu afungue masikio. Mgeni anayeishi kule kihalali anaweza kupata haki ya kutumia, ambayo kwa kanuni za mwaka 2021 hutolewa kwa miaka 30, ikaongezwa 20, kisha ikafanywa upya kwa 30. Anaweza pia kupangisha. Wapo madalali watakaomwambia: “Tuandike jina la mwenyeji, fedha zako, shamba lako.” Asikubali. Sheria hiyo ya 1960 inasema kuwa uhamishaji wa namna hiyo, uwe wa moja kwa moja au wa kupitia mlango wa nyuma, ni batili. Ardhi inaangukia kwa serikali na fedha zilizolipwa hazidaiwi tena. Kwa lugha ya mtaani, amepatikana.

Na yule mwuzaji je? Tushuke pwani ya magharibi ya Flores, mjini Labuan Bajo. Palikuwa mji wa wavuvi. Leo ni mlango wa kwenda kuwaona mazimwi wa Komodo, wale mijusi wakubwa, na serikali imeutia katika orodha ya maeneo matano ya utalii yenye kipaumbele cha juu kabisa. Bei ya ardhi imepanda, na kesi za ardhi zimefuata nyuma yake. Kiwanja ambacho mzee alikijua kwa mti na jiwe sasa kinadaiwa kwa karatasi.

Nalifahamu jambo hili kwa uchungu. Kijijini kwetu mkoani Tanga, mjomba wangu aliuza shamba la minazi kwa mtu wa mjini. Akanunua pikipiki. Pikipiki ilikufa mwaka wa tatu. Mwaka wa nne mjomba aliajiriwa kuwa mlinzi katika shamba lile lile, akiokota nazi alizozipanda baba yake na kuzihesabia mtu mwingine. Hakuibiwa. Alitia sahihi mwenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali ya Indonesia imeufuata usemi huo: tangu mwaka 2017 imekuwa ikipima na kuandikisha viwanja nchi nzima, kwa lengo la viwanja milioni 126. Ni kazi njema, maana mwenye hati hafukuzwi kirahisi. Lakini hati ya mtu mmoja mmoja ina ncha mbili. Inamlinda mwenye shamba dhidi ya mwizi, na papo hapo inamrahisishia kuuza peke yake, bila kuwauliza wale wa kushoto na kulia.

Ndiyo maana mimi huitazama kwa matumaini njia nyingine. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba misitu ya jadi si misitu ya serikali, bali ni ya jamii zenyewe. Na huko Sumatra Magharibi, ambako kwa Waminangkabau ardhi ya ukoo hupitia kwa wanawake, umeanza uandikishaji wa ardhi kwa jina la jamii nzima. Daftari lipo, na shina la utando halikukatwa. Wamanggarai nao wana la kujifunza hapo, kwa sababu kwao ardhi hurithiwa na wana wa kiume, na binti akiolewa huhesabiwa mtu wa nje.

Basi fundi wangu, jibu ni hili. Nenda Flores ukipata nauli. Panda mlima, kunywa kahawa, lipa kwa haki, lala chini ya paa la nyasi. Ukitaka kukaa, panga kwa mkataba wa wazi, mbele ya wazee na mbele ya ofisi ya ardhi. Lakini ukiambiwa shamba ni rahisi, uliza kwanza: rahisi kwa nani? Na kabla hujavuka bahari, nenda kijijini kwenu ukaulize shamba la babu limeandikwa wapi, na kwa jina la nani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.