Mtani Haumii Moyo

Mwaka 1878 Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, na miaka michache baadaye wakapigana tena. Damu ilimwagika pande zote mbili. Leo, katika msiba wa Mngoni, Mhehe anaweza kuingia akicheka huku wafiwa wanalia. Ataiga mwendo na sauti ya marehemu, atamsuta kwa kukimbia madeni, pengine ataruka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Wengi hujikuta wanacheka machozi yangali mashavuni.

Huu ndio utani, na haukuzaliwa na vita peke yake. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, walikutana katika misafara ya biashara iliyoshuka pwani. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba uhusiano wa namna hii una sharti moja kubwa: anayetaniwa hana budi kutokasirika.

Sharti hilo lina faida mwilini. Mwaka 2001, huko Marekani, mtafiti Charlotte Witvliet na wenzake waliwaomba watu 71 wamfikirie mtu halisi aliyewahi kuwaumiza. Walipoyarudia machungu na kushikilia kinyongo, mapigo ya moyo yaliongezeka, shinikizo la damu likapanda, jasho likatoka, na misuli ya paji la uso ikakaza. Walipojaribu kuwaza kusamehe, mwili ulitulia zaidi. Mkosaji mwenyewe hakuwemo chumbani. Huenda hata alikwisha kusahau.

Kicheko nacho kina kazi yake. Mwaka 2012 mtafiti Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walionyesha kwamba watu waliotoka kucheka pamoja huvumilia maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka. Miaka mitano baadaye watafiti wa Finland waliwapiga picha za ubongo wanaume 12 waliokuwa wametazama vichekesho na marafiki zao. Ubongo ulikuwa umemwaga kemikali zake za kutuliza maumivu, zilizo jamii moja na mofini.

Lakini si kila mzaha unaponya. Watafiti Andrea Samson na James Gross waliwaonyesha watu picha za kuhuzunisha, kisha wakawataka wazifanyie mzaha, wa upole au wa kejeli. Mzaha wa upole ndio uliopunguza zaidi hisia mbaya.

Hapo ndipo ufundi wa watani unapoonekana. Maneno yao ni makali kuliko mzaha wowote wa maabara, ila kila mtu anajua mipaka: nani anamtania nani, na kwamba zamu ya kujibu itafika. Tena mtani haji msibani kwa maneno matupu. Huchimba kaburi, huteka maji, hupika, na akishaondoka huacha deni la kicheko ambalo Mngoni atalilipa kwa furaha siku msiba ukihamia Uhehe.